Hoja ya Ukongwe na Hoja ya Utu: Utetezi wa Wanaoitwa Wageni, Kibera na Kawangware

Utetezi wa watu wanaohesabiwa kuwa wageni jijini Nairobi umesimama juu ya hoja mbili zisizopatana sana. Ya kwanza imelelewa Kibera na Wanubi: tuko hapa tangu enzi za mababu, kwa hiyo sisi ni wenyeji. Ya pili inawafaa wakimbizi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanaoishi Kawangware na mitaa jirani, ambao hawana ukongwe wa kudai: sisi ni watu, kwa hiyo tuna haki. Makala haya yanadai kwamba hoja ya kwanza, pamoja na ushindi wote iliouleta, inaiachia serikali mkononi kipimo kilekile kinachowaumiza Wanubi wenyewe.

Ukongwe wa Wanubi hauna shaka. Babu zao walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliowatumikia Waingereza nchini Uganda, kisha katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakapewa makao katika msitu wa Kibera. Eneo lililopimwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa takriban ekari 4,197. Hati ya ardhi ya jamii waliyokabidhiwa mwaka 2017 ni ya ekari 288. Wakoloni waliwaona kuwa watu waliokaa pale kwa hisani tu, na serikali huru ikaurithi mtazamo huo. Kijana wa makabila mengine mengi akitimiza miaka 18 na kutaka kitambulisho hupeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, shughuli ikaisha. Kijana wa Kinubi wa mtaa wa Makina, Kibera, alitakiwa kupita kwanza mbele ya kamati ya mchujo, pengine akiwa na hati za babu na bibi. Sharti hilo halikuwa na msingi ulio wazi katika sheria. Lilikuwa mazoea ya ofisini, na mazoea ya ofisini ni magumu kuyashtaki kuliko sheria.

Hata hivyo yalishtakiwa. Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwaka 2015, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatoa uamuzi wa mwelekeo huo kuhusu jamii nzima. Lakini uamuzi wa tume iliyoko Banjul haumtoi mtu kwenye foleni. Ndiyo maana naona kazi kubwa ya Shafi Ali Hussein na wenzake wa shirika la kutetea haki za Wanubi, Nubian Rights Forum, haikufanyika mahakamani. Walifundisha watu wa mtaani kuwa wasaidizi wa kisheria: kumsindikiza mwombaji kwa chifu na kwa msajili, kujaza fomu naye, kuandika alirudishwa lini na kwa sababu gani. Daftari za namna hiyo ndizo hugeuza manung'uniko kuwa ushahidi.

Upande wa wakimbizi, Desemba 2012 serikali iliamuru wote walioko mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na wakimbizi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaibatilisha amri hiyo. Hakuna mlalamikaji aliyeulizwa babu yake alizikwa wapi. Kweli, Katiba ya 2010 inampa raia peke yake haki ya kuishi popote nchini. Lakini utu na uhuru wa kutembea inampa kila mtu. Machi 2014 amri nyingine ya aina hiyo ikatoka, na mwezi uliofuata operesheni ya Usalama Watch ikawazoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakaguliwe uwanjani Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Kenya. Askari anayepima uraia kwa sura na jina hana haja na historia ya ukoo wa mtu.

Atakayepinga atasema kuwa kuwaunganisha Wanubi na wakimbizi ni kuwarudisha kwenye tuhuma ya ugeni waliyopambana nayo miaka mingi. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, Nubian Rights Forum lenyewe lilishaanza kuivuka katika kesi ya Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kusajili watu kidijitali, lilipodai kinga kwa kila mtu ambaye taarifa zake zingekusanywa. Hukumu ya Mahakama Kuu ya 30 Januari 2020 ilizuia ukusanyaji wa DNA na wa alama za GPS za makazi, ikakiri kwamba wasio na hati wangeweza kuachwa nje, na ikaruhusu mfumo uendelee kwa sharti la kuwekewa kanuni kamili.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa mchujo wa ziada wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Kibera haiko mpakani. Badala ya kungoja matamko ya namna hiyo, wasomi wa sheria wangetufaa zaidi wakizisoma hukumu za 2013 na 2020 kwa pamoja, waache kuiweka moja katika rafu ya ukimbizi na nyingine katika rafu ya uraia.