Kikapu cha Haskell

Mnauliza Kansas kuna nini. Kuna kikapu jamani!

Pale Lawrence kipo chuo cha Wamarekani Asilia, Haskell. Serikali ilikifungua 1884 kama shule ya kuwaachisha watoto lugha na mila zao. Wengi walikufa kwa maradhi, na makaburi zaidi ya 100 yapo hapo hapo. Mimi nesi, hapo roho huniuma.

Kikapu wakakifanya chao. Msimu wa 1908-09 kocha wao alikuwa Phog Allen, aliyevuma sana baadaye. Hadi 2015 walikuwa ligi ndogo ya Midlands, pamoja na vyuo vya Kikristo kama Central Christian.

Februari 2025 serikali hiyo hiyo ikamwachisha kazi Adam Strom, kocha wa wasichana. Akaendelea kufundisha bure.