Mifupa ya Ruhuhu na Mcha Mungu wa Tübingen

Septemba 1859 David Livingstone alifika Ziwa Nyasa. Novemba mwaka huohuo, mjini London, kikatoka kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya viumbe.

Upande wa ziwa, misheni ndiyo iliyotangulia, kabla ya mawazo ya Darwin. Waanglikana walianzia kisiwa cha Likoma wakajenga vituo pwani nzima hadi Liuli, alikozikwa William Percival Johnson mwaka 1928. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, kisha Kigonsera. Shuleni watoto walifundishwa kwamba Mungu ndiye aliyeumba vyote. Iliwachukua viumbe muda gani kuwa kama walivyo, hilo lilikuwa limeandikwa kwenye mawe ya jirani, na hakuna aliyekuwa amelisoma.

Mto Ruhuhu huingia ziwani kati ya Manda na Lituhi. Bonde lake lina makaa ya mawe, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 G. M. Stockley, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, alipokuwa akilipima alikuta mifupa iliyogeuka jiwe. Akafuata Francis Rex Parrington wa Cambridge. Baada yake Ernst Nowack, kutoka Austria, alikusanya mizigo mizito iliyosafirishwa hadi Tübingen, Ujerumani. Mizigo hiyo ilibebwa na watu wa bonde hilohilo, na inasikitisha kwamba vitabu viliwapita kimya.

Huko Tübingen mifupa ilimfikia Friedrich von Huene, mmoja wa mabingwa wakubwa wa reptilia wa kale duniani, na Mkristo mcha Mungu kwelikweli. Mwaka 1937 alichapisha kitabu juu ya kazi ya Mungu katika maumbile na katika Biblia. Mwaka uliofuata akamtangaza Stagonosuchus nyassicus, mnyama mla nyama wa ukoo wa mbali wa mamba, aliyetembea Ruhuhu miaka zaidi ya milioni 240 iliyopita. Mikono ileile iliandika vyote viwili. Von Huene aliamini kwamba viumbe vilibadilika kweli, kizazi baada ya kizazi, na kwamba Mungu ndiye aliyeyaongoza mabadiliko hayo.

Wanasayansi wengi hawakumfuata hapo, na walikuwa na haki: uongozi wa namna hiyo haupimwi kwa nyundo wala kwa darubini. Lakini namheshimu sana, kwa sababu hakupunguza umri wa mfupa hata mmoja ili kuilinda imani yake. Mwaka 1950 Papa Pius XII naye aliwaruhusu wataalamu Wakatoliki kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, huku akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Katika nchi ya Wamatengo, jirani na bonde la Ruhuhu, yenye Wakatoliki wengi hivi, ningependa ruhusa hiyo ifahamike kila darasa la dini. Kijana anayesoma biolojia asubuhi na katekisimu jioni asilazimishwe kuchagua.

Von Huene alifariki mwaka 1969. Mfupa wa mkono na pingili za uti wa mgongo alizookota Parrington huko Ruhuhu zilikaa makabatini miongo mingi. Alan Charig alizichambua katika tasnifu yake ya mwaka 1956, lakini jina Nyasasaurus parringtoni halikutangazwa rasmi hadi 2013, yeye akiwa ameshafariki. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu. Mifupa iliyopatikana haitoshi kuamua.