Nani Alikaa Kando ya Redio

Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha somo la afya kwa redio lililoitwa Mtu ni Afya. Lilidumu wiki 12, na watu wazima wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walilifuata. Wanaosimulia historia ya teknolojia ya elimu nchini hupenda kuanzia hapo, na kwa kawaida sifa yote huiendea redio. Kwa maoni yangu redio ilifanya sehemu ndogo ya kazi. Kabla sauti ya mtangazaji haijasikika, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na washirika wake walikuwa wameshafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, mafunzo yakishuka ngazi kwa ngazi hadi kijijini. Vijitabu viliandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa wengi wa wasomaji ndio kwanza walikuwa wanatoka kwenye madarasa ya kisomo. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikakubaliana jambo la kutenda, kama kuchimba choo au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Tena mpango huo haukuzuka ghafla. Ulitanguliwa na kampeni ndogo zaidi, ikiwemo Kupanga ni Kuchagua ya 1969 na Wakati wa Furaha ya 1971, ambazo ziliwapa waandaaji nafasi ya kuona vikundi vinakwama wapi.

Yupo atakayepinga kwamba hiyo ilikuwa enzi ya chama kimoja, vijiji vya ujamaa vikianzishwa kwa shinikizo, na kwamba mtu huweza kuchimba choo zaidi kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi kuliko kwa kuelewa somo. Pingamizi hilo lina uzito, na hesabu ya vyoo peke yake haithibitishi kwamba watu walijifunza. Lakini amri hujaza viti tu; haimpi kiongozi wa kikundi ujuzi wa kuuliza swali na kusubiri jibu. Ujuzi huo ulifundishwa, na uligharimu muda.

Kenya ya miaka 40 baadaye ilianza upande wa pili. Ahadi ya uchaguzi wa 2013 ilikuwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikakwama katika kesi na mabishano, na mradi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016 kompyuta zilikuwa zimegeuka vishikwambi. Zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Mjadala wa nchi nzima ulihusu kifaa, yaani bei, mzabuni, umeme na kabati la kufungia. Somo lenyewe lilijadiliwa kidogo mno.

Wakati huohuo ushahidi ulikuwepo nchini humohumo. Katika jaribio la kusoma lililofanyika Kisumu chini ya programu ya PRIMR, shule zote za mradi zilipata vitabu, miongozo ya masomo na ziara za wakufunzi. Kundi moja likaongezewa vishikwambi vya wakufunzi, jingine vya walimu, jingine visomeo vya kielektroniki vya wanafunzi. Makundi yote yalizishinda shule zisizo katika mradi, ila nyongeza ya vifaa haikuleta tofauti ya maana juu ya mpango wa msingi, ambao ndio uliokuwa nafuu zaidi. Mpango wa taifa wa Tusome, ulioanza 2015, ulifuata njia hiyo: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, na kishikwambi mkononi mwa afisa anayekwenda kumtazama mwalimu akifundisha. Isidhaniwe kwamba kitabu kina kinga. Utafiti wa Michael Kremer na wenzake huko Busia miaka ya 1990 ulionyesha kuwa vitabu vya bure viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Wengine hawakunufaika, kwa kuwa vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka Tanga. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la XPRIZE la programu za kujifunzia, watoto karibu 3,000 wa vijiji kama 170 walipewa vishikwambi bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio ya kweli, na anayeyabeza anawadharau watoto hao. Lakini programu zilizoshinda zilikuwa za Kiswahili, zikipandisha hatua kwa hatua. Kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchaji kwa jua na mkazi aliyekabidhiwa usimamizi. Na ile nusu iliyobaki bado haikusoma neno. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu wa Tanzania, hapo ndipo pa kuuliza: ni afisa gani atakayekaa nyuma ya darasa, na atarudi lini?