Mubisi na Mwenge: Pombe ya Ndizi Kutoka Kilima cha Waislamu

Kibuli ni kilima cha msikiti, na wachache wangeanzia hapa historia ya pombe ya kienyeji. Mimi naona ndipo pa kuanzia, kwa sababu Waislamu wa Buganda waliugawa utengenezaji wake mara mbili.

Mwenge, pombe ya ndizi ya Waganda, hutokana na ndizi za mbidde. Huivishwa siku kadhaa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa kwa majani ya mgomba, kisha humenywa na kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi. Nyasi hushika makapi, na maji matamu yanayotoka ndiyo mubisi. Mpaka hapo hakuna kileo. Ukitia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunika mtumbwi wa mbao na kuuacha ulale, mubisi huchacha ukawa mwenge.

Katika Buganda ya karne ya 19, kula na kunywa pamoja kulikuwa sehemu ya utii. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa wa Kwanza aliwaua Waislamu waliokataa nyama yake kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu. Pombe nayo ilipelekwa kwa Kabaka na kwa wakwe. Aliyeikataa kabisa angeonekana amejitenga na jamaa zake.

Mubisi ulimpa njia, kwani fikihi haikatazi maji ya matunda yasiyolevya. Nuhu Mbogo, nduguye Mutesa, alirudi kutoka uhamishoni Zanzibar mwaka 1895 na Kibuli ikawa makao ya Waislamu. Mwanawe, Badru Kakungulu, alitoa ardhi ya msikiti uliofunguliwa mwaka 1951. Kwa hiyo sikubali kwamba Uislamu uliua ufundi huu. Waislamu walibaki na mbidde, nyasi na kukanyaga. Walichoacha ni mtama.

Tena, mubisi huchacha hata bila mtama, maana hamira ya asili imo katika maganda na hewani. Mwislamu alilazimika kuzijua saa za kuchacha kuliko hata mlevi!

Sheria ya enguli ya mwaka 1965 ilizuia kukeneka pombe kali bila leseni, lakini mubisi haukuguswa. Leo huuzwa Kampala katika chupa za plastiki zilizokwisha tumika. Chupa iliyokaa juani huvimba, na ukiifungua povu hupanda hadi mdomoni.