BWAWA LA BUSTANI, SEHEMU YA 4: Changarawe, Matete na Yule Mtoto wa Makambako

Wengi mmeniuliza kwa nini nilifuta ile picha ya bwawa la jirani yangu. Leo nasema ukweli, halafu nawapeleka kwenye historia kidogo. Ni ndefu, kwa hiyo chukua chai kabisa.

Mnalikumbuka lile bwawa. Mzee wa watu amestaafu, kachimba nyuma ya nyumba hapa Makambako, kaweka perege, katikati yungiyungi wamezamisha mizizi chini kabisa, pembeni kitanda cha changarawe chenye matete. Pampu ndogo inavuta maji ya chini, inayamwaga kwenye changarawe, yanapita taratibu kwenye mizizi na kurudi bwawani. Mwezi wa kwanza maji yalikuwa kama mchuzi wa mboga. Baadaye yakawa meupe, unamwona samaki hadi magamba. Mimi kwa furaha zangu nikapiga picha nikaandika, "Maji haya hata kunywa unakunywa."

Wiki mbili baadaye kukawa na mgao wa maji mtaani. Mama mmoja kaja na mtoto wa miaka mitatu, anaharisha tangu usiku, macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya tumbo inarudi polepole. Tukaweka dripu, akapata nafuu, ORS na zinki akaenda nazo nyumbani. Nilipouliza maji wanayokunywa, yule mama akaniangalia tu. "Ya bwawani kwa mzee. Si wewe nesi ulisema yamechujwa?"

Sikuwa na jibu. Siwezi kuapa kwamba ni yale maji, maabara haikupima. Lakini nilichoandika nilikiandika mimi. Nikarudi nyumbani kusoma upya habari ya kuchuja maji, na kumbe kosa langu ni la zamani sana, wamelifanya watu wenye elimu kunizidi.

Mwaka 1804 huko Paisley, Scotland, John Gibb alikuwa na kiwanda cha kung'arisha vitambaa. Maji ya mto yalimchafulia kazi, akajenga chujio la changarawe na mchanga. Yaliyobaki akawauzia watu wa mji. Ona hapo: lengo la kwanza lilikuwa kitambaa cheupe, afya haikuwamo. Mwaka 1829 James Simpson akajenga chujio kubwa la mchanga kwa kampuni ya maji ya Chelsea, London. Nao walidhani mchanga ni kama chujio la chai, unazuia takataka basi. Sheria ya mwaka 1852 ikalazimisha kampuni za London kuchuja maji ya mto, lakini waliyoyaona ni matope tu. Kuhusu kipindupindu watu waliendelea kubishana, wengine wakisema kinaletwa na hewa mbaya.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walichukua mrija mrefu, wakaujaza mchanga na chokaa, wakawa wanamimina maji taka juu yake pole pole. Siku ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya kwanza hakuna. Baada ya kama siku 20 ndipo ile amonia ya maji taka ikaanza kugeuka kuwa naitreti, ile ile ambayo mmea unaila. Wakajiuliza, kama ni mchanga unaofanya kazi, mbona ulichelewa siku zote hizo? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa tuliyosoma chuoni kwenye historia ya usingizi wa upasuaji. Kazi ikasimama. Mchanga ni ule ule, chokaa ile ile, lakini kimya! Wakaongeza maji yaliyosuuzia udongo wa bustani, na kazi ikaanza tena.

Yaani ndani ya ule mrija kulikuwa na kitu hai, wao wakakilaza usingizi. Ni bakteria. Changarawe ni nyumba tu, wapangaji ndio wanaofanya kazi, na wapangaji hawahamii siku moja. Ndiyo maana bwawa la mzee lilikaa mwezi mzima likiwa kama mchuzi. Na mwezi uliopita kijana wake alivyoona changarawe ina utelezi akaitoa yote akaiosha kwa dawa ya klorini, akijua anasaidia, samaki sita wakafa ndani ya siku nne. Amonia ya kinyesi chao haikuwa na wa kuigeuza. Ule utelezi ndio ulikuwa chujio lenyewe.

Haya, tuje kwenye ugonjwa, eneo langu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani. Mji ulikuwa unachota mto Elbe na kuwapelekea watu bila kuchuja. Waliougua walikuwa karibu 17,000, waliokufa zaidi ya 8,600, ndani ya miezi michache. Mji wa Altona ulikuwa umeshikana nao, mitaa mingine inatenganishwa na barabara tu. Altona walichota mto ule ule, tena chini zaidi, baada ya maji taka ya Hamburg kumwagwa. Kwa akili ya kawaida Altona ndio wangekwisha. Lakini walikuwa na vitanda vya mchanga mwembamba, maji yanashuka pole pole, na juu ya mchanga kuna utando hai. Wagonjwa wao walikuwa wachache mno. Robert Koch, aliyekuwa ameshamwona mdudu wa kipindupindu kwa darubini, akaandika kwamba mpaka wa ugonjwa ulifuata mpaka wa mabomba.

Watu wa Njombe, hapa nisikilizeni vizuri. Mwanzoni mwa mwaka 1893, katikati ya baridi kali, Altona nao wakapata wagonjwa. Koch alipofuatilia akakuta kitanda kimoja cha mchanga kiliganda kwa barafu wakati wa kusafishwa, hakikuchuja sawasawa. Sisi hatugandishi mito, lakini asubuhi za Juni na Julai tunaona jalidi kwenye majani ya viazi. Bakteria wa kwenye changarawe hupunguza kasi maji yakipoa sana, kwa hiyo chujio linalotosha mwezi wa Januari linaweza kuzidiwa Julai. Punguza chakula cha samaki miezi hiyo.

Na mimea je? Hiyo ilikuja baadaye. Miaka ya 1950 mama mmoja mtafiti wa Ujerumani, Käthe Seidel, alianza kupanda mimea ya majini kwenye maji machafu, kemikali za viwandani zikiwemo. Wenzake wengi walimbeza, kwa sababu mmea unajulikana hufa kwenye sumu. Yeye akaendelea mpaka kwenye vitanda vya changarawe vilivyopandwa mimea. Mizizi hupeleka hewa kidogo chini na kuwapa bakteria mahali pa kushika, na mmea hula ile naitreti.

Kwetu elimu hii haikuja jana. Nairobi mwaka 1994 ulijengwa mfumo kwa maji taka ya mgahawa wa Carnivore na bwawa la michezo la Splash: kitanda cha changarawe kwanza, kisha madimbwi yenye mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1980, walifanya utafiti wa machujio ya changarawe ya kupunguza tope kabla maji hayajafika kwenye mchanga, kwa ajili ya vijiji. Baadaye wakina Profesa Mashauri, Mbwette na Katima wakaingia kwenye vitanda vya changarawe na matete kwa maji taka. Jirani zetu Iringa, Chuo cha Ualimu Kleruu kilijengewa kimoja. Moshi, kule Mabogini, maji taka ya mji yakishapita kwenye mabwawa huingia mashamba ya mpunga.

Umeona wote hao wanayapeleka wapi maji yao? Shambani, mtoni. Hakuna anayeyapeleka kwenye glasi. Hata watafiti wetu, changarawe kwao ilikuwa hatua ya kwanza tu, mchanga mwembamba ukifuata. Changarawe ya ukubwa wa harage ina mianya mikubwa, kidudu cha kuhara kinapita humo kama pikipiki kwenye barabara ya Songea usiku. Na yungiyungi? Kazi yake ni kivuli, mwani unakosa jua, maji yanakuwa meupe. Hapo ndipo macho yangu yalipodanganywa. Weupe niliousifia ulikuwa wa kitambaa cha John Gibb.

Kwa hiyo ukitaka bwawa, chimba, mimi sikukatazi. Changarawe suuza kwa maji ya bwawa lenyewe, kidogo kidogo, usiguse yote kwa mara moja. Pampu isizimwe usiku, wale wapangaji wanahitaji hewa. Matete na majani ya yungiyungi yaliyozeeka kata uyatupe kwenye mboji, yakiozea majini yanarudisha kila yalichokula. Gugumaji usilete hata kama ua lake zuri, waulize watu wa Ziwa Victoria. Weka uzio, mtoto anazama kwenye maji ya kufika magotini. Mwagilia mboga kwenye shina, usimwagie majani ya kula mabichi. Ya kunywa chemsha hadi yatokote, hata yakiwa meupe kama ya mvua.

Mtoto anaendelea vizuri, juzi nimemwona anakimbiza kuku. Mama yake nimemwomba radhi, akacheka, akanipa parachichi nne. Mzee ameniruhusu niweke kibao pale bwawani, nimeandika kwa rangi nyekundu: MAJI YA SAMAKI NA BUSTANI. Picha ya kibao naweka hapo chini, ile ya kwanza hairudi.

Sehemu ya 5 nitajibu maswali ya kisima cha mkono. Wa Wanging'ombe mlioniuliza habari ya maji yenye rangi ya kutu, nimewaona.