Mafuta Mingi: Jina la Matajiri Wapya wa Uganda

Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na maneno "mafuta mingi" huona kwanza kosa la sarufi, kwani usahihi ni "mafuta mengi". Lakini kwetu Uganda hilo ni jina la watu: waliotajirika ghafla wakati wa Idi Amin na kuuonyesha utajiri wao hadharani. Katika insha hii ninaeleza asili yake, na kwa nini naona lisisahihishwe.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maelfu ya maduka, viwanda na mashamba waliyoyaacha yaligawiwa, na wengi waliofaidika ni wanajeshi na watu wao wa karibu. Wengi hawakuijua biashara. Waliuza mali waliyoikuta kwenye rafu, na ilipokwisha hawakujua pa kuagiza nyingine. Sukari, chumvi na sabuni zikaadimika, magendo yakashamiri. Mwenye ndugu jeshini alinenepa huku jirani yake akikonda. Ndiyo maana ya "mafuta" hapa: unono wa mtu aliyekula wakati wengine wana njaa.

"Mingi" nayo ina historia yake. Tangu enzi za keya, yaani King's African Rifles, Kiswahili cha Uganda kilikuwa lugha ya kambini, isiyojali sana upatanisho wa ngeli. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikuwa wamezoea kukisikia kwa mwenye bunduki. Hadi leo baadhi ya wazee wetu hukiita lugha ya askari na wezi.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania waliwaita vigogo wao Wabenzi, kutokana na gari la Mercedes-Benz. Mbenzi hutajwa kwa anachopanda. Mafuta mingi hutajwa kwa alichokula.

Kwa maoni yangu, jina hili linaonyesha jambo ambalo hatulisemi mara nyingi: watu walioogopa Kiswahili walikitumia kichinichini kumcheka mkubwa, kwa lugha yake na kwa kosa lake. Tukilisahihisha liwe "mafuta mengi", tutabaki na mafuta ya kupikia tu.