Cheti cha umaskini na dola 25,000 za Diallo



Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge inapita Kabezi, kando ya ziwa. Chukua mama anayeuza ndagala pale. Gari limemgonga, mguu umevunjika, miezi minne hajaenda sokoni. Akidai fidia ataulizwa: ulikuwa unapata faranga ngapi kwa mwezi, na karatasi iko wapi? Mguu daktari ameuandika. Ile miezi minne ya soko, nani ameiandika?

Swali hili lilishafika mpaka The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ajili ya mtu aliyeishi ugenini kama sisi. Ahmadou Sadio Diallo alitoka Guinea, akaingia Kongo mwaka 1964. Alifungua kampuni mbili Kinshasa, Africom-Zaire na Africontainers-Zaire, halafu akaanza kudai madeni makubwa, kwa serikali na kwa kampuni za mafuta. Tarehe 5 Novemba 1995 akakamatwa, akafungwa siku 66 mfululizo. Januari 1996 akakamatwa tena, na tarehe 31 akaondolewa nchini. Karatasi waliyompa ilisema eti amekataliwa kuingia. Mtu aliyekaa miaka 32!

Mahakama ile inasikiliza nchi tu, siyo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo Guinea ndiyo iliyomshtakia, mwaka 1998. Novemba 2010 majaji wakakubali kwamba kumfunga na kumfukuza vilivunja sheria. Ikabaki hesabu.

Guinea ikasema Diallo, akiwa meneja, alikuwa anapata dola 25,000 kwa mwezi, basi kwa muda aliofungwa alipwe dola 80,000. Hukumu ilitoka tarehe 19 Juni 2012. Majaji walisema makadirio yanaweza kukubaliwa, ila yasiwe ya kubahatisha tu. Hapakuwa na hesabu za benki wala karatasi za kodi, na hakuna daftari la kampuni lililoonyesha kwamba alilipwa hata mara moja. Zaidi ya hapo, kampuni zenyewe zilikuwa zimesimama kwa miaka.

Halafu kuna karatasi moja iliyokuwepo, nayo ikamgeuka. Tarehe 12 Julai 1995, karibu miezi minne kabla ya kukamatwa, Diallo alikuwa amechukua cheti cha umaskini kwa wakubwa wa kule. Alikitaka ili asilipe ada ya kuandikisha hukumu ambayo kampuni yake ilishinda. Mtu mwenye cheti kama hicho anapataje dola 25,000 kwa mwezi? Kwa kipato kilichopotea akapewa sifuri.

Mimi naona kwa hizo 25,000 majaji walikuwa na haki. Lakini sifuri inanisumbua, kwa sababu kwenye vitu vyake vya nyumbani walimpa dola 10,000 bila ushahidi kamili, wakiangalia usawa. Kwa mateso na jina lake kuchafuliwa wakampa 85,000. Jumla 95,000, wakati Guinea ilidai zaidi ya milioni 11.

Kuna majaji waliofanya tofauti. Bogoro, kule Ituri, ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwenye kesi ya Germain Katanga, ilipitia maombi moja moja ya watu waliopoteza nyumba, ng'ombe na mavuno, ikijua kwamba waliokimbia vita hawabebi risiti. Ikathamini hasara yote kuwa dola 3,752,620. Watu 297 walikubaliwa, kila mmoja akapangiwa dola 250 za ishara, na juu yake misaada ya pamoja. Waliaminiwa, ndiyo, lakini ng'ombe mmoja hakurudi kwa dola 250.

Sasa turudi kwa mama wa ndagala. Huku kwetu cheti cha umaskini anakichukua ili atibiwe, na lazima akichukue, mguu haungoji. Ila kiandikwe tarehe, na kiseme amekosa kipato tangu ajali. Tiketi za ushuru wa soko azitunze, na daftari la kikundi cha akiba pia, maana lile linaonyesha alichokuwa anaweka kila wiki. Na wewe unayejaza fomu ya shirika, usiandike "hana kipato" halafu ukafunga faili. Andika: alikuwa anauza ndagala Kabezi mpaka tarehe fulani.